Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi na Pensheni wa Uingereza: msikate posho ya ulemavu kabla baraza la rufaa halijasema

Kwa: Waziri wa Kazi na Pensheni, Serikali ya Uingereza
Nakala: Wajumbe wa Timms Review (mapitio ya serikali kuhusu posho ya PIP), Kamati ya Bunge ya Kazi na Pensheni

YAH: POSHO YA ULEMAVU YA PIP (PERSONAL INDEPENDENCE PAYMENT), TAREHE ZA MWISHO NA RUFAA

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kwa heshima ya ofisi uliyokabidhiwa. Sisi ni wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi Uingereza. Tunakaa na wenzetu wenye ulemavu wanapojaza fomu za PIP, wanapoomba uamuzi utazamwe upya, na wanapoingia mbele ya baraza la rufaa. Tumeamua kuandika hadharani kwa sababu njia ya faragha haifiki tunakotaka kufika: kila lalamiko hupewa namba ya faili la mtu mmoja, hujibiwa kama shida ya mtu mmoja, kisha faili linafungwa. Tunayoyasema hapa yamo ndani ya kanuni zenyewe, na kanuni hubadilishwa na wewe na Bunge, si na karani anayepokea simu.

Tumeandika kwa Kiswahili ili wanaoguswa wasome kwanza wao wenyewe, bila mkalimani. Tafsiri ya Kiingereza inakuja ofisini kwako.

Kwa faida ya wasomaji, tuweke msingi kwanza. PIP ilianza Aprili 2013, chini ya Sheria ya Marekebisho ya Ustawi ya 2012, kuchukua nafasi ya DLA, posho ya ulemavu ya zamani, kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni maisha ya kila siku, yenye shughuli 10: kuandaa chakula, kula, kufuata matibabu, kuoga, kwenda haja, kuvaa, kuzungumza, kusoma, kukaa na watu, na kupanga matumizi ya fedha. Ya pili ni mwendo, yenye shughuli 2: kupanga na kufuata safari, na kutembea kwenyewe. Ukipata alama 8 katika sehemu moja unalipwa kiwango cha kawaida cha sehemu hiyo. Ukipata 12 unalipwa kiwango cha juu. Katika mwaka wa fedha 2025/26, sehemu ya maisha ya kila siku ililipwa pauni 73.90 au 110.40 kwa wiki, na mwendo pauni 29.20 au 77.05. Haijalishi kama mtu anafanya kazi au hafanyi, wala ana akiba kiasi gani. Ni fedha ya kufidia gharama ambazo ulemavu wenyewe unazileta.

Sasa malalamiko yetu.

1. Fedha hukatwa siku ya uamuzi, haki huja baadaye

Hili ndilo kubwa, na ndilo lililotufanya tuandike.

Mtu anapokea PIP. Muda wa mapitio unafika, anajaza fomu ya mapitio, AR1, anahojiwa kwa simu, kisha inakuja barua kwamba amepata alama 6, si 8. Malipo yanasimama. Anapoomba uamuzi utazamwe upya, halipwi. Anapokata rufaa, halipwi. Atalipwa tu akishinda, na atalipwa malimbikizo yote, lakini mwenye nyumba hangoji malimbikizo.

Tuhesabu kwa viwango hivyo vya 2025/26. Aliyekuwa na viwango vya juu vyote viwili alikuwa akipokea pauni 187.45 kwa wiki. Mwenzake wa ndoa au binti anayemtunza kwa saa 35 au zaidi, kama anapokea posho ya mlezi, alikuwa na pauni 83.30. Posho ya mlezi inaegemea sehemu ya maisha ya kila siku. Hiyo ikianguka, na ya mlezi inaanguka. Kwa nyumba hiyo pengo ni pauni 270.75 kwa wiki. Rufaa ikichukua wiki 40, ni pauni 10,830 ambazo hazipo. Na bado hatujagusa mengine: familia inayopokea PIP haiguswi na kikomo cha jumla cha posho, na PIP ikikatwa, kinga hiyo inaondoka nayo, hivyo hata msaada wa kodi ya nyumba unaweza kupunguzwa. Gari la Motability, mpango wa kukodi gari kwa posho ya mwendo, hurudishwa. Kadi ya Blue Badge, ya kuegesha gari la mwenye ulemavu, ikiisha muda, haihuishwi kwa kigezo cha PIP.

Halafu tazama wanaofika mwisho wa njia. Kwa miaka mingi sasa, takwimu za serikali yenyewe zimeonyesha kwamba katika kesi za PIP zinazosikilizwa na baraza, karibu theluthi mbili au zaidi huamuliwa kwa faida ya mwombaji. Maana yake wengi wa walionyimwa fedha wakati wa kusubiri walistahili kulipwa muda wote huo. Na hao ni waliovumilia mpaka mwisho. Wengi huacha katikati, kwa sababu hawawezi kupigana na njaa na karatasi kwa pamoja.

Scotland wameonyesha njia nyingine. Tangu 2022 wana posho yao ya watu wazima wenye ulemavu. Mtu akipunguziwa au akikatiwa, na akapinga, anaweza kuomba msaada wa muda mfupi unaomrudisha kwenye kiwango alichokuwa nacho hadi shauri liishe. Akishindwa, hadaiwi alichopokea. Mpaka wa Carlisle na Gretna unapitika kwa gari kwa dakika chache. Hatuoni kwa nini mwenye ugonjwa uleule ale upande mmoja na akope upande wa pili.

2. Tarehe ya mwisho kwa ulemavu usio na mwisho

Kifungu cha 88 cha Sheria ya 2012 kinasema posho itolewe kwa muda maalumu, isipokuwa pale anayeamua anapoona kwamba muda maalumu haufai. Ubaguzi huo uliwekwa makusudi. Miongozo nayo inaruhusu posho isiyo na mwisho, yenye mapitio mepesi kila baada ya miaka 10. Lakini kinachofika mikononi mwa watu wetu ni miaka miwili, mitatu, minne, kwa hali ambazo hakuna daktari anayesema zitaondoka.

Chukua selimundu (sickle cell), ugonjwa ambao familia nyingi zinazotoka Afrika Mashariki na Kongo zinaujua vizuri kuliko maofisa wengi. Mtu anazaliwa nao. Unaharibu nyonga, figo, macho na mapafu kadiri miaka inavyokwenda. Kwa umri, mwelekeo wake ni kuzidi. Kumwandikia kijana wa miaka 24 mwenye nyonga iliyokufa kwamba posho yake itaisha baada ya miaka mitatu "ili tuone kama kuna mabadiliko" ni kumtaka athibitishe upya kile ambacho hospitali ilikithibitisha alipokuwa mtoto mchanga.

Muda mfupi una hasara ambazo hazionekani kwenye barua ya uamuzi. Motability hudai angalau miezi 12 iwe imebaki kwenye posho kabla mtu hajapewa gari. Mapitio yanaweza kuanza hadi mwaka mmoja kabla ya tarehe ya mwisho. Weka hivyo viwili pamoja na rufaa: mtu anapewa miaka mitatu inayohesabiwa kuanzia tarehe ya uamuzi wa kwanza, rufaa inamla mwaka mmoja, fomu ya mapitio inaweza kumfikia mwishoni mwa mwaka wa pili. Aliyeshinda anapumua miezi 12, kisha bahasha ya kahawia ya idara inaingia tena mlangoni.

Na kuna posho fupi ambazo hazina mapitio kabisa. Zinaisha siku iliyoandikwa, na mwenye nayo lazima aanze dai jipya toka mwanzo. Wengi hawajui kwamba barua yao ni ya aina hiyo, kwa sababu tofauti imefichwa katika sentensi moja ya ukurasa wa ndani. Hapo ndipo tunapowaona watu wakipoteza wiki kadhaa za malipo bila kosa lolote. Walikuwa wakisubiri fomu ambayo haikupangwa kuja.

3. Mwezi mmoja kwetu, kwenu hakuna kikomo

Mwombaji ana mwezi mmoja kurudisha fomu ya PIP2 (ya dai jipya) au AR1. Ana mwezi mmoja kutoka tarehe iliyo kwenye barua ya uamuzi kuomba utazamwe upya. Ana mwezi mmoja baada ya jibu hilo kukata rufaa. Ninyi, mnapoombwa kuutazama uamuzi upya, hamna siku hata moja iliyowekwa na sheria. Mtu anaweza kukaa miezi bila jibu, na bila jibu hilo mlango wa baraza haufunguki.

Mwaka 2020, katika kesi ya Connor, Mahakama Kuu ilisema kwamba kuwalazimisha waombaji wa posho nyingine, ESA (ya wasioweza kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu), kupitia hatua hiyo kabla ya rufaa, huku hawalipwi, ni kuingilia isivyostahili haki yao ya kufika mahakamani. Tunajua hukumu ile ilihusu ESA, ambayo hulipwa wakati wa rufaa. Lakini maumivu yaliyoelezwa mle ndiyo haya: hatua isiyo na kikomo, isiyo na malipo, iliyowekwa kati ya mtu na hakimu. Kwa PIP ni mazito zaidi, kwa kuwa hata rufaa yenyewe haina malipo.

Scotland, mwombaji ana siku 42 kuomba uamuzi mpya na wakala wao ana siku 56 kuutoa. Zikipita, mtu anaruhusiwa kwenda moja kwa moja mbele ya baraza.

Kuna jambo moja hapa linalowagusa hasa watu wenye ndugu ng'ambo. Sheria inamruhusu mwenye PIP kuwa nje ya nchi hadi wiki 13 na kuendelea kulipwa, na hadi wiki 26 kama amekwenda kwa matibabu. Mtu akifiwa na mama Mombasa au Bukavu, akae wiki sita kwa mazishi, arobaini na mambo ya mirathi, hajavunja kanuni yoyote. Lakini fomu ya AR1 ikifika siku ya tatu baada ya kuondoka kwake, mwezi umekwisha kabla hajarudi, na posho inaweza kukatwa kwa kutorudisha fomu. Wiki 13 upande mmoja, mwezi mmoja upande wa pili: kanuni zenu wenyewe hazisikilizani.

4. Maswali ya "unaweza?" badala ya "unafanyaje?"

Kanuni za PIP za 2013 ni bora kuliko zinavyotumiwa. Zinasema mtu asihesabiwe kuwa anaweza shughuli mpaka aweze kuifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kadiri inavyohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule ambao mtu asiye na ulemavu huo angetumia. Na hali ihesabiwe kama inatokea zaidi ya nusu ya siku.

Simu ya tathmini husahau yote hayo. Anaulizwa, "Unaweza kupika?" Anajibu, "Ndiyo." Imeandikwa: hakuna tatizo, alama 0. Hakuulizwa kama ameshawahi kuacha jiko linawaka, kama anakata vitunguu akiwa ameketi, kama baada ya kupika anahitaji kulala saa mbili, au kama "kupika" kwake ni kumwelekeza binti yake akiwa kitandani. Shughuli inayopimwa ni chakula rahisi cha mtu mmoja, kwa viungo vibichi, kwenye jiko la kawaida. Anayehitaji mtu wa kumsimamia au kumsaidia hapo anastahili alama 4. Anayehitaji kifaa, 2. Asiyeweza kabisa, 8. "Ndiyo" haisemi yuko wapi kati ya hizo.

Kutembea ni vivyo hivyo. Anayeweza kutembea zaidi ya mita 20 lakini si zaidi ya 50 bila kifaa hupata alama 8. Kwa kifaa, 10. Anayeishia mita 20 au chini, 12. Watu wachache wanajua mita 50 ni urefu gani, na kwa simu mtathmini hawezi kumwona mtu akitembea. Anauliza, "Unakwenda dukani kwa dakika ngapi?" Anaambiwa kumi. Anazidisha dakika kwa mwendo wa mtu mzima, na mita zinakuwa mia nne. Dakika nne kati ya hizo mtu alikuwa ameegemea ukuta.

Kwa mwenye selimundu, kifafa au maumivu ya uti wa mgongo, suala la nusu ya siku linaharibiwa kirahisi kuliko yote. Mtathmini anahesabu siku za kulazwa tu. Siku za uchovu baada ya kutoka hospitali, na siku ambazo mtu anajizuia kufanya jambo kwa kuogopa kulianzisha tena, hazimo kwenye hesabu. Usalama ni pamoja na hatari yenyewe, hata kama siku hiyo haikutokea kitu.

5. Ukalimani

Kwa haki, kanuni zinatambua lugha ya mtu. Shughuli za kuzungumza na kusoma hupimwa kwa lugha yake ya asili. Kutojua Kiingereza peke yake hakumpi mtu alama, na hilo hatulipingi. Lakini basi mpimeni kweli kwa lugha hiyo. Hatuwezi kukubali Mswahili wa Lamu, Mbarawa wa Somalia na mtu wa Lubumbashi wote waandikiwe "Kiswahili" na kupewa mkalimani yeyote aliye zamu. Fomu ya rufaa ya SSCS1 inauliza lugha na lahaja. Kwenye simu ya tathmini, lahaja haiulizwi ipasavyo, na mtu anayesikia nusu ya swali hujibu nusu ya ugonjwa wake.

Ubaya zaidi ni kumtumia mtoto kama mkalimani. Mama wa Kiswahili hatamwambia mwanawe wa kiume, au mkwewe, jinsi anavyojisafisha baada ya haja, wala kwamba kuna nguo huvaa kwa sababu mkojo unamtoka. Atasema yuko salama. Hapo zinapotea alama za kuoga, kuvaa na kwenda haja, shughuli tatu kwa pigo moja, na ripoti itasema mwombaji "hakuripoti tatizo". Wazee wetu pia wamefundwa kutolalamika mbele ya mgeni. Mtathmini anayesikia "nashukuru Mungu, naendelea" lazima aulize swali la pili.

6. Ripoti haiji na barua

Uamuzi umejengwa juu ya ripoti ya mtathmini, lakini mtu hapewi mpaka aiombe. Asiyejua kuiomba anapinga asichokiona. Kamati ya Bunge ya Kazi na Pensheni ilipendekeza mwaka 2018 kwamba kila mwombaji apewe nakala, na kwamba mahojiano yarekodiwe kama jambo la kawaida. Ni karatasi ambazo tayari mnazo.

Majibu tunayoyatarajia

Utaambiwa na washauri wako kwamba sheria inataka muda maalumu. Sheria hiyohiyo, kifungu hichohicho, inatoa ruhusa ya kuuacha pale usipofaa. Hakuna Bunge linalohitaji kuketi ili ruhusa hiyo itumike.

Utaambiwa kwamba kuendelea kulipa wakati wa rufaa kutawavuta watu wakate rufaa ovyo. Rufaa ya PIP si mchezo kwa mgonjwa: baraza lina hakimu, daktari na mjumbe mwenye ujuzi wa ulemavu, na lina uwezo wa kupunguza au kuondoa hata kile ambacho mtu anacho. Kizuizi kipo tayari. Njaa haihitajiki kuwa kizuizi cha pili.

Utaambiwa kwamba watu hushinda kwa sababu wanaleta ushahidi mpya barazani. Mara nyingi ushahidi huo mpya ni kinywa cha mwombaji mwenyewe, aliyeulizwa vizuri kwa mara ya kwanza. Daktari wa baraza anauliza, "Ukitoka bafuni, unafanya nini?" kisha anasubiri jibu. Hilo lingewezekana siku ya tathmini. Na kama mlihitaji barua ya hospitali, mtathmini ana ruhusa ya kumwandikia daktari wa mgonjwa. Hutumia ruhusa hiyo kwa nadra, kisha mwombaji analaumiwa kwa ukosefu wa barua ambayo baadhi ya kliniki humtoza fedha kuiandika.

Utaambiwa pia kwamba idara hukosea mara chache. Mwaka 2017 serikali ilibadili kanuni za safari ili kuwanyima alama za juu watu wanaoshindwa kusafiri kwa sababu ya msongo mkubwa wa akili. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ilisema mabadiliko yale yalikuwa ya kibaguzi, na Januari 2018 serikali ikatangaza kupitia upya madai yapatayo milioni 1.6. Mfumo uliolazimika kuyafungua mafaili yote hayo hauna haki ya kudai kuaminiwa kiasi cha kukata kwanza na kusikiliza baadaye.

Kwa ndugu mnaosoma na bahasha iko mezani

Mheshimiwa atuwie radhi, tunageuka kidogo kuwasemesha wenzetu, maana kanuni hazitabadilika wiki hii.

Hesabu mwezi wako kuanzia tarehe iliyochapwa juu ya barua, si siku uliyoipokea. Kuomba uamuzi utazamwe upya unaweza kwa simu, lakini andika pia, kwa barua au kwa fomu ya CRMR1, utunze nakala na risiti ya posta. Siku hiyohiyo omba ripoti ya mtathmini. Mwezi ukikupita, bado unaweza kuomba ukiwa na sababu, ilimradi isizidi miezi 13 tangu uamuzi. Na hata idara ikikataa kwa kuchelewa, haki ya kwenda barazani bado unayo. Wengi huambiwa "umechelewa" wakarudi nyumbani. Usirudi.

Usiandike "naumwa sana". Chukua shughuli moja moja, andika alama waliyokupa, alama unayostahili, na mfano wa siku halisi: nini kilitokea, nani alikuwepo, ulichukua muda gani, baadaye ulikuwaje. Eleza siku mbaya na siku nzuri, na ni ngapi kwa wiki. Kabla ya kupinga, angalia alama ulizonazo kama ziko imara, kwa sababu baraza linaweza pia kuzishusha. Tafuta mshauri kama una shaka.

Baraza hutazama hali ilivyokuwa tarehe ya uamuzi. Kama umezidiwa baada ya hapo, hiyo ni taarifa ya mabadiliko au dai jipya, na usiisubirishe kwa ajili ya rufaa. Rufaa haina ada. Omba usikilizwe, ana kwa ana, kwa video au kwa simu. Wanaozungumza na baraza hufanikiwa zaidi kuliko wanaoacha karatasi pekee zizungumze. Omba mkalimani, taja lahaja yako. Ni bure, na kwa kawaida ndugu yako hataruhusiwa kufanya kazi hiyo.

Idara inaweza kukupigia simu kabla ya siku ya kusikilizwa na kukupa kiwango bora zaidi. Si lazima ujibu papo hapo. Uamuzi mpya ulio bora ukitolewa, rufaa ya kwanza huisha. Lakini kama bado haukutoshi, una haki ya kuukatia rufaa huo mpya. Omba maelezo kwa maandishi.

Ukishinda, mlezi wako aombe posho yake ndani ya miezi mitatu tangu uamuzi wa baraza ili alipwe na ya nyuma. Wengi hushinda PIP wakapoteza hii kwa kutojua.

Tunachokuomba, Mheshimiwa Waziri

(a) Mwenye PIP anayepunguziwa au kukatiwa katika mapitio aendelee kulipwa kiwango chake cha awali hadi baraza la rufaa la ngazi ya kwanza litoe uamuzi, bila kudaiwa akishindwa. Mkiona England na Wales haziwezi kuanza na wote, anzeni na wale ambao hali yao ya kiafya haijabadilika kwa mujibu wa daktari wao.

(b) Pale ambapo mtaalamu anayemtibu mtu ameandika kwamba hali yake ni ya kudumu, posho isiyo na mwisho iwe ndiyo kawaida, na anayetaka kuweka tarehe ya mwisho aandike sababu yake ndani ya barua ya uamuzi.

(c) Ombi la kutazamwa upya liwekewe kikomo cha siku 56. Kikipita, mwombaji aende barazani moja kwa moja.

(d) Barua ya uamuzi iseme katika ukurasa wa kwanza, kwa maneno mepesi, kama posho ina mapitio au inaisha kabisa. Ripoti ya mtathmini iambatanishwe.

(e) Muda wa kurudisha AR1 usiishe wakati mtu yuko nje kwa ruhusa ya wiki 13 au 26 ambayo sheria yenyewe imempa.

(f) Lugha na lahaja ziandikwe mara ya kwanza mtu anapopiga simu, zifuate faili lake hadi barazani, na mwanafamilia asitumike kama mkalimani kwenye maswali ya kuoga, kuvaa na kwenda haja.

(g) Muda wa posho iliyotolewa na baraza uhesabiwe upya kwa ajili ya mapitio, ili asifikiwe na AR1 kabla ya miaka miwili kamili tangu siku aliyoshinda.

Ombi la (d) na la (f) hayahitaji sheria mpya. Ni maagizo ya ofisi, na tunaomba yatolewe sasa. Mengine tunaomba yawekwe mbele ya Timms Review, na walio ndani ya mfumo huu waitwe kutoa ushahidi kwa lugha zao. Tuko tayari kuja na watu, mifano ya barua zilizofichwa majina, na wakalimani wetu, mahali popote mtakapopanga. Tunaomba jibu la maandishi kwa kila ombi, herufi kwa herufi, tupate kuwasomea walioisubiri barua hii.

Wako kwa heshima,

Wasaidizi wa waombaji wa PIP wanaozungumza Kiswahili
Uingereza